Jino Lililokataliwa na Bati

Binti yangu amenuna tangu tulipotoka kwa daktari wa meno, na mimi nimenuna pia, kwa sababu sioni kosa langu. Nilimpiga mjukuu wangu mkononi, basi. Si shavuni, si mgongoni. Mkononi, tena kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi kwenye sahani. Lakini binti yangu alipiga yowe kana kwamba nimemmwagia mtoto maji ya moto, na watu wote waliokuwa wakingojea katika kliniki ile ya Goma wakageuka kumtazama bibi kizee mkatili.

Mjukuu huyo, Furaha, ametiwa nyaya mdomoni. Meno yake ya juu yalikuwa yanasukumana, na siku hizi madaktari wanataka kuwaona watoto mapema, kabla mifupa ya taya haijakomaa. Mimi sikupinga, hata niliwasindikiza. Ila daktari alichukua kijiti bapa cha mti, akamkandamiza mtoto ulimi, kisha akakitupa katika ndoo iliyokuwa karibu na mguu wangu. Harufu yake ikanipanda puani, mti mkavu uliolowa mate, nami nikawa nimekwisha kuvurugika. Daktari akatania kidogo. Furaha akacheka, na mkono wake ukaruka kufunika mdomo. Hapo ndipo nilipoupiga.

Vijana hawana subira ya kusikiliza jambo mpaka mwisho, kwa hiyo nawaeleza ninyi wa rika langu, mliokulia katika nyumba za majani na mtakaozikwa chini ya turubai la plastiki. Mtanihukumu baadaye.

Tulikaa Nyamitaba, juu kilimani, kati ya shamba letu la maharagwe na zizi la jirani. Baba alikuwa amefanya kazi katika migodi ya Walikale, kule msituni, na aliporudi hakuleta baiskeli wala koti kama wenzake. Alileta mabati, manjanja kama tulivyoyaita. Akaezua majani ya nyumba yetu akayapigilia yale mabati yake, paa la kwanza la namna hiyo kilimani kwetu. Mvua ikinyesha hatukusikiana, na Mama alitutuma kwa kuonyesha vidole. Jua likiwaka, watu wa ng'ambo ya bonde walilalamika kwamba tunawachoma macho. Kila asubuhi Baba alitoka nje, akarudi kinyumenyume mpaka alione paa lote, akakohoa kidogo kwa raha.

Koko hakulipenda. Koko, ndivyo kwetu tunavyomwita bibi, ndiye mama wa Baba, na aliishi nasi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, mtu wa rozari, aliyecheka kwa nadra na kila alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Sikuwahi kumwuliza sababu. Nilidhani ndivyo wanavyocheka wanawake waliobatizwa, na kwamba wapagani ndio wanaocheka wazi. Basi nami nilijifunza kucheka vile, nisije nikaonekana mpagani.

Mnajua desturi ya jino la utoto. Likitoka, mtoto anasimama mbele ya nyumba, analitupa juu ya paa, anamwomba panya alichukue bovu amletee zima. Jino linakwama katika majani, watu wanapiga makofi, mambo yamekwisha. Langu la mbele lilipotoka nilisimama mahali penyewe, nikasema maneno yenyewe, nikatupa kwa nguvu zangu zote. Likagonga bati, ting! Likateleza, krrrr, likaanguka matopeni mbele ya miguu ya Koko. Kabla hatujainama kuliokota, kuku wetu mwekundu alikuja mbio akalidona akalimeza.

“Manjanja imekatala!” Koko akapaza sauti. “Muliona? Imerudisha meno ya mutoto!”

“Mama, ni ka meno tu,” Baba akasema. “Kuku anakula mawe kila siku. Itamufanya nini?”

“Aiko kuku njo naogopa, ni manjanja.”

Na kwa bahati mbaya yangu, jino jipya lilipoota liliota nyuma ya mstari. Nikifunga mdomo, meno ya chini yalikaa mbele yake, nalo likabaki ndani kama mbuzi nyuma ya ua. Koko aliinua macho tu kutazama paa, kisha akamtazama Baba, na Baba akaenda kutafuta jembe ambalo hakulihitaji.

Tangu siku hiyo mdomo wangu haukuwa wangu tena. Sijui kama mnakumbuka jinsi watu wazima wa wakati ule walivyokuwa na ruhusa juu ya mwili wa mtoto. Mgeni akiingia, kabla hajaketi, alisimuliwa habari za jino. “Fungula kinywa, mama, tuone.” Nikafungua. Katekista akaingiza kidole. Mke wa jirani akaingiza kidole kilichotoka kumenya vitunguu. Mtu aliyekuja kuuliza njia ya kwenda sokoni, mtu tusiyemjua hata jina, naye akaambiwa aangalie, akaangalia, akatikisa kichwa. Kila mmoja alikuwa na dawa yake: nitafune muhindi mgumu, nilalie upande wa kushoto, nisiangalie mwezi. Nilichoka. Nilitamani niote ndevu nijifiche humo.

Mimi nilikuwa na maoni yangu, ambayo hakuna aliyeyauliza. Niliona wazi kwamba panya hakupokea kitu, kwa hiyo jino jipya halikuonyeshwa njia. Jino la kumpa panya lilikuwa tumboni mwa yule kuku. Akilirudisha, mambo yatanyooka. Nikawa namfuata kuku mwekundu popote alipokwenda, nachokonoa kinyesi chake kwa kijiti, nikimwombea kwa Mtakatifu Antoni, kwani ndiye tuliyefundishwa kumwomba vitu vilivyopotea. Mama akaniona. Akanipiga kwa kuchezea uchafu, na sikuweza kumweleza.

Koko alikuwa na dawa moja tu, na haikuwa ya mzaha: jino lile ling'olewe. Alisema jino la nyuma huvuta mengine nyuma, na msichana mwenye mdomo wa namna hiyo husemwa mpaka siku ya harusi yake, kama harusi itakuwapo. Sokoni kulikuwa na mtu aliyeng'oa meno, ana mfuko wa ngozi na koleo, na nilikuwa nimewahi kusikia anavyowafanya watu wazima walie. Jino hili halikuwa la utoto. Likitoka, halioti lingine. Hilo hata mimi nililijua, na nilianza kulala nimeuma midomo.

Kisha masera akafika shuleni. Alikuwa mtawa wa misheni, mzungu, mwuguzi, mwenye kioo kidogo chenye mpini na mfuko wa vijiti bapa. Alitupanga mstari akatutazama vinywa mmoja mmoja. Wengine aliwapita haraka. Kwangu akasimama, akaniambia nifunge, nifungue, nifunge tena, akamwita Baba aliyekuwa amekuja na wazazi wengine.

“Ile meno imefungiwa,” akasema kwa Kiswahili chake cha misheni. “Hii ya chini inaikataza kupita. Mukiacha, itakwaruzika, na taya itakomaa vibaya. Lakini mutoto angali mudogo, mufupa haiyakuwa nguvu. Tunaweza kuisukuma.”

Akaniwekea kijiti mdomoni kwa mshazari, ncha yake nyuma ya lile jino la juu, mwili wake umelalia meno ya chini, akaniambia niume polepole. Nilihisi jino langu likisukumwa mbele. Haikuwa maumivu hasa, ni kero, kama mtu anayekuegemea kanisani. Akasema nifanye hivyo kila siku, na kwa kuwa nyumbani hatukuwa na saa, akampa Baba kipimo: fungu moja la rozari asubuhi, fungu moja jioni. Angerudi baada ya mavuno ya maharagwe kuona.

Wenyewe husema samaki mkunje angali mbichi. Ni sawa, lakini hakuna anayemwuliza samaki.

Nyumbani kukawa na vita. Baba alisema tufuate masera. Koko alisema koleo. Walibishana mpaka Mama akatoka nje na sufuria yake, na mwisho wakapatana hivi: nipewe muda mpaka mavuno. Maharagwe yakiingia ghalani na jino lingali nyuma, Koko atanipeleka sokoni na Baba hatasema kitu. Ndivyo jino langu lilivyoanza kushindana na maharagwe. Maharagwe yenyewe yalikuwa yamekwisha kutambaa, kijani kibichi, yenye afya ya kuudhi.

Vijiti vya masera vilikwisha upesi, kwani mate huozesha mti. Baba akaanza kunichongea vya mkaratusi, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Mmewahi kutafuna mkaratusi? Ni mchungu, unawasha ulimi, na harufu yake inaingia mpaka kwenye uji. Kila nilichokula msimu ule kilikuwa na ladha ya dawa ya kikohozi. Na kwa kuwa kipimo kilikuwa rozari, nilisali na mti mdomoni. Wengine wakiitikia “Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu,” mimi nilitoa “Aia ataatihu, aa a uungu,” huku mate yakinichuruzika kidevuni.

“Huyu mutoto anasali sawa mbuzi,” Koko akasema.

“Mungu anasikia,” Baba akajibu.

“Mungu anasikia. Bikira Maria njo anaona haya.”

Katekista naye akasema hawezi kunipeleka komunyo ya kwanza kama hajanisikia nikiitikia vizuri. Nikamwonyesha kijiti. Akaniambia nifungue kinywa aone.

Halafu ikaja siku ya nyasi. Baba alikuwa amekwenda Masisi kwa shughuli zake. Aliporudi, alisimama mahali pake pa kila siku, akarudi kinyumenyume, akatazama paa, lakini hakukohoa. Katikati ya bati lake, lile lililong'aa mpaka ng'ambo ya bonde, palikuwa na rundo la nyasi limekandamizwa kwa mawe, kubwa kama kiota cha korongo. Koko alikuwa amemlipa kijana wa jirani kwa ndizi apande aliweke.

“Mama, ni nini hii?”

“Ni mahali ya kutupa meno.”

“Watu wananicheka! Nimetoka Walikale na manjanja, sasa nyumba yangu inavaa kofia!”

“Heri nyumba ichekwe, mutoto asichekwe.”

Baba alitaka kulishusha. Alipata ngazi, akapanda, akafika nusu. Basi, jino langu la pili la utoto, jirani ya lile la kwanza, lilikuwa linalegea wiki hiyo, na Koko akanivuta mkono, akalizungusha kwa vidole vyake bila kuniuliza, likatoka. Nikalitupa nikiwa bado natema damu. Likapita juu ya kichwa cha Baba likatua nyasini, likakaa. Koko akapiga makofi. Baba akashuka ngazi, na nyasi zikabaki paani. Nasema kweli, sijui nani alinichosha zaidi, yeye na bati lake au Koko na nyasi zake.

Maharagwe yakatoa maua, yakafunga, yakaanza kukauka. Jino halikusogea mbele. Kila asubuhi nilipitisha ulimi kulipima, na kila asubuhi nililikuta nyuma ya ua. Mama alizidi kushinda shambani, akawa hana muda wa kuniangalia nikiuma kijiti, na majirani walikwisha kuanza kung'oa mashina ya maharagwe yao. Siku ya soko Koko akanivisha gauni la Jumapili. Hakungoja ghala lijae. Alisema tunakwenda kununua chumvi.

Tulipopita wauza chumvi bila kusimama nilijua. Nilianza kulia, na yeye akazidi kunivuta. Mng'oa meno alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekunja mikono ya shati, mtu mnene mwenye sauti ya upole ambayo ilinitisha kuliko ukali. Akanitazama kinywani, akasema si kazi kubwa. Akafungua mfuko. Koleo lake lilikuwa na kutu kwenye bawaba.

“Mama, mushike kichwa nguvu,” akamwambia Koko. “Asitingishike.”

Koko akasimama nyuma yangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Nikafumba macho. Nikangoja baridi ya chuma. Badala yake nikahisi mikono ile ikiteleza kutoka masikioni mwangu, mikono ya mwanamke ambaye aliwahi kumfukuza nguruwe wa porini kwa mwiko. Ikafika mabegani, kisha ikaniachia.

“Hapana,” Koko akasema. “Twende.”

“Juu ya nini umenisumbua, Mama? Wengine wako wanangojea!”

“Basi fanya wao.”

Hatukununua hata chumvi. Tulipanda kilima, mimi bado nina kwikwi, mpaka akaketi kwenye jiwe pembeni mwa njia akaniambia nisimame mbele yake. Akaondoa kiganja mdomoni, kwani alikuwa amekiweka pale tangu sokoni bila kucheka.

“Angalia,” akasema.

Akafungua kinywa. Katikati, juu, palikuwa na pengo, na jino la upande mmoja lilikuwa limeinama kuelekea pale kana kwamba linamtafuta mwenzake. Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja miaka yote ya maisha yangu, na sikuwahi kuliona.

“Yangu pia ilikuwa nyuma, sawa hii yako. Walinitosha, waliing'oa. Mama yangu njo alinishika kichwa.” Akafunga mdomo. “Waliniambia ni kwa uzuri wangu. Na miye nilitaka kukufanyia uzuri ule ule. Kumbe ni upumbavu tu.”

Nilimkumbatia shingoni. Nilimpenda sana wakati ule, na nilidhani taabu zangu zimekwisha.

Hazikuisha. Koko akiwa adui alikuwa anachosha. Koko akiwa upande wangu hakuvumilika. Masera alisema fungu moja, Koko akasema rozari nzima. Akatupa vijiti vya Baba akidai vimechongwa kivivu, akachonga vyake. Akaketi mbele yangu, uso kwa uso, akiuma meno yake pamoja nami, na nikilegeza kidogo alinigonga goti. “Uma! Maharagwe haikungojei!” Nikienda kuteka maji alinifuata njiani kuhakikisha kijiti kiko mahali pake. Wenzangu wakaimba wimbo juu yangu, “Mutoto anakula kuni,” na Koko akawatupia mawe. Hata kuku mwekundu hakunikaribia tena.

Asubuhi moja nilikuwa nakula muhindi wa kuchoma nikahisi kitu kigeni. Nilifunga mdomo, na meno hayakukaa kama kawaida, lile la juu likagusa la chini ncha kwa ncha. Nikamwita Koko. Akanawa mikono, jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya kabla ya kuniingiza kidole, akapapasa kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kijiti kipya. Maharagwe yetu yalipomaliza kupigwa na kuingia ghalani, jino lilikuwa limevuka ua limesimama mbele, lina ukwaruzo mdogo kwenye ncha.

Masera akarudi. Tulishuka wote shuleni, Baba, Mama na Koko, na Koko alikuwa amembeba kuku mwekundu kwapani amtoe zawadi. Moyo wangu uliuma, kwa sababu nilijua kilichomo tumboni mwake, lakini jino lilikuwa limekwisha kunyooka na sikuwa na hoja. Masera akatazama kwa kioo chake, akasema vizuri, kijiti kimefanya kazi. Baba akakohoa kile kikohozi chake cha raha. Koko akanong'ona kwamba ni nyasi. Kisha masera akainama kupokea kuku, na kuku akaona kifungo cheupe cha kanzu yake, akakidona kwa nguvu zote, akang'ang'ania.

Nikacheka. Nilicheka kama sijacheka tangu msimu uanze, na mkono wangu ukapanda kufunika mdomo, kama nilivyojifunza.

Koko akaupiga. Paa! Mbele ya masera, mbele ya watoto wote.

“Tosha mukono kwa kinywa!” akasema, na macho yake yalikuwa na machozi. “Miye njo nafunika. Weye unaficha nini?”

Basi, hiyo ndiyo sababu. Koko amekufa zamani. Bati la Baba liliota kutu likatobolewa na vita tusivyotaka kuvizungumza, na mimi nina meno yangu yote ya mbele, jambo ambalo wengi wenu hamwezi kulisema. Nilitaka kumweleza binti yangu hayo yote, lakini hapokei simu.

Jana alimtuma Furaha aniletee unga. Yeye mwenyewe hakuingia, aliniachia mtoto mlangoni akarudi garini, kwa kuwa bado amenuna. Nikamketisha mtoto nikamsimulia yeye. Nilipofika kwenye kuku kukidona kifungo cha masera, tulicheka wote wawili mpaka tukakosa pumzi. Nikahisi kofi kwenye mkono wangu, tena si dogo. Mkono ulikuwa mdomoni. Umekuwa unapanda miaka yote hii kila ninapocheka, na mimi sikujua.

“Tosha mukono, Koko,” Furaha akaniambia, nyaya zake zote nje. “Unaficha nini?”